Koti la Stesheni Masta

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake fundi alishona sare za shule ya wasichana. Kazi hiyo ilimlisha, ikamsomeshea watoto wawili, ikamwachia na maumivu ya mgongo yasiyojua likizo. Shati la msichana aliweza kulishona huku akigombana na mumewe, na ugomvi akaushinda. Mikono ilijua njia; kichwa kilikuwa abiria tu.

Hilo ndilo lililomponza.

Siku moja aliingia dukani mwake mwanamke mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, akajitambulisha kuwa ni mkuu wa mavazi wa tamthilia mpya ya televisheni. Ilikuwa tamthilia ya enzi za mababu, wakati treni zilikula makaa ya mawe na wanaume wenye vyeo walivaa makoti hata jua likiwaka. Alitaka koti moja refu, jeusi, la stesheni masta. Likipendeza, alisema, makoti yote ya sehemu ya pili yatashonwa hapa.

"Na atakayelivaa ni nani?" fundi aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali.

Mkuu wa mavazi akamtaja. Fundi akakaa. Bahati nzuri kiti kilikuwapo.

Mwigizaji huyo mtaani walimwita Macho. Filamu zake nyingine zilikuwa mbaya, na chache zilikuwa mbaya kwa juhudi kubwa, lakini yeye akiinua macho tu, msusi wa mlango wa pili aliacha nywele za mteja zimesukwa nusu. Saluni ya msusi ndiyo iliyokuwa na televisheni kubwa, kwa hiyo ndipo walipokutana wapenzi wa Macho: msusi mwenyewe, mama muuza dawa, wifi yake fundi, na tarishi mstaafu ambaye alidai anafuata viti tu, kwamba vya kwake nyumbani vinamchoma. Sharti lilikuwa moja. Macho akizungumza, atakayefungua kinywa ataosha vikombe.

Habari za koti fundi alizitangaza kabla hajakata kitambaa. Mdomo huponza kichwa, walisema wahenga; wake ulijipanga kuponza na mabega.

Koti lenyewe lilishonwa msimu wa kufungua shule, likibanwa huku na huku na mafungu ya mashati meupe. Mkuu wa mavazi alikuja kulichukua, akaisifu bitana, akaenda zake. Siku chache baadaye fundi alikuwa akipiga pasi koti la mumewe la harusini. Akafunga kifungo kimoja. Akasita. Akakifungua, akakifunga tena polepole, kama mtu anayepapasa jipu.

Vifungo vya koti la mwanamume hukaa upande wa kulia. Vya Macho alikuwa amevitia kushoto, kama alivyowatilia wasichana wake wote miaka yote hiyo. Na tundu la kifungo likishakatwa halina toba.

"Baba," alimwita mumewe, "nimemvisha Macho gauni."

"Limemtosha?" mume akauliza bila kuinua kichwa.

Akampigia simu mkuu wa mavazi, ulimi mzito. Hakuwahi hata kuvifikia vifungo. "Mama, tumeshapiga picha," alijibiwa upesi. "Utajionea mwenyewe." Simu ikakatwa. Fundi akabaki akiipima sentensi hiyo urefu na upana, isimkae popote.

Kwa hiyo jioni ya kuanza kwa tamthilia wenzake walikwenda saluni kufurahi. Yeye alikwenda kusomewa hukumu. Watazamaji wa nchi nzima hawakumtisha sana. Aliyemtisha alikuwa mmoja. Wifi yake alikuwa fundi wa suti za kiume, mtu ambaye hata msibani hukagua mishono ya wafiwa, na kwa miaka yote alikuwa akimwita "mama wa sare" kwa upole unaouma. Hata hivyo ndiye aliyekaa naye bega kwa bega, maana msusi ndiye aliyepanga viti.

Muziki ukalia. Stesheni ikatokea, mvua inanyesha kama imelipwa. Macho akatoka ofisini na koti lake, akasimama ukingoni mwa reli. Koti lilikuwa wazi. Maji yalimwingia kifuani, yakamtiririka hadi magotini. Kwenye benchi alikuwa amekaa mama mmoja mwenye sanduku. Macho akamtazama. Mkono wake wa kulia ukapanda kifuani kutafuta kifungo, ukakuta tundu. Vidole vikapapasa, vikapotea, vikashuka. Ndipo akainua macho.

Saluni nzima ilivuta pumzi. Fundi pekee ndiye aliyekuwa bado anautazama ule mkono.

Macho akasema maneno mawili matatu, treni ikapiga honi, yakaja matangazo ya sabuni.

"Jamani mmeona?" Msusi alijifuta machozi kwa taulo la wateja. "Mvua yote ile, na koti halifungi!"

"Atalifungaje?" akasema muuza dawa. "Si mlimwona vidole vilivyotetemeka? Mtu kapenda huyo. Kifua chake kiko wazi, shoga yangu, hakifichi kitu."

"Atapata nimonia," akasema tarishi.

"Mzee, kaoshe vikombe."

"Ah! Macho hazungumzi, hiyo ni sabuni!"

"Basi na sabuni unayo. Nenda."

Wifi alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, macho yamekazwa kwenye kioo cha televisheni kama bado anakiona kilichopita.

"Wifi," alisema hatimaye.

"Abee."

"Lile koti."

Fundi akashikilia kiti kwa mikono miwili.

"Mabega umeyakalisha," wifi akasema, kama anayeng'olewa jino. "Limelowa chepechepe na bado halikunjamani kwapani. Mimi yangu hukunjamana. Umefanyaje?"

Kitambaa cheusi, vifungo vyeusi, mvua: hata malaika asingejua kipi kimekaa upande gani. Kitu fulani kilichokuwa kimefungwa tumboni mwa fundi tangu siku ile ya pasi kilifunguka chenyewe. Aliegemea kiti, na kiti kikalia.

"Njoo kesho dukani, wifi," alisema. "Nitakuonyesha."

Simu yake ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa mkuu wa mavazi: "Mama umeona? Alishindwa kulifunga, mwongozaji akapenda akaacha hivyohivyo. Makoti ya sehemu ya pili ni yako. Ila hayo mengine yafungike."

Aliusoma mara mbili, akacheka peke yake, kwanza kwa pua, kisha kwa mwili mzima, hadi muuza dawa akamuuliza kama yuko salama.

"Salama kabisa. Hebu niambieni," alisema akipangusa macho, "yule mama wa sanduku ni nani?"

Wote wakamgeukia.

"Wewe ulikuwa unatazama nini?" msusi akauliza.

"Mvua."

Msusi akasonya kwa furaha, maana hakuna alichokipenda kama mtu asiyejua. Akavuta kiti karibu na kuanza kumsimulia tangu mwanzo, akiongeza na yasiyokuwapo. Fundi akamwacha aongeze.