Mrututu na Redio ya Bibi

Mwaka ule betri ziliadimika. Tulikuwa tumepanga Kariakoo, kwa mama mmoja mjane wa Kiarabu ambaye sote tulimwita Bibi. Wazazi wangu, Wachaga, walishinda dukani wakiuza maharage, kwa hiyo nikitoka shule nilikuwa naye yeye. Redio yake ilikuwa imenyamaza tangu mfungo uishe.

"Nyumba imepoa," alilalamika. "Hata habari za mvua sijui."

Nilikuwa kidato cha tano, na wiki ile mwalimu wetu wa kemia alitufundisha kwamba kila metali ina kiwango chake cha kuvuta elektroni. Shaba, chanya 0.34. Zinki, hasi 0.76. Ukiziunganisha, unatoa cha zinki kutoka cha shaba. Hasi ukiitoa inageuka kujumlisha, unapata volti 1.10. Hapo kwenye alama ndipo nilipokuwa nakosea kila mara. Safari hii nilirudia hesabu mpaka nikaridhika. Redio ilitaka volti tatu. Seli tatu za namna hiyo zingetoa 3.30.

"Bibi, nitakutengenezea betri."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa mrututu."

Alicheka. Mrututu aliujua kama dawa ya vidonda. "Basi vikombe vyangu vya kahawa usiviguse. Ile ni sumu."

Nilinunua mrututu sokoni, unga ule wa buluu wenye shaba, nikapasua betri zilizokwisha nipate zinki yake, nikaomba vipande vya waya wa shaba kwa fundi wa mota. Nilipanga chupa za jamu uani: upande mmoja shaba kwenye maji ya mrututu, upande wa pili zinki kwenye maji ya chumvi, katikati utambi wa kitambaa uliolowa chumvi. Bibi akawasha redio. Ilikwaruza mara moja, ikakata.

"Imekohoa," alisema kwa upole, akarudi kusuka ukili wake. Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake nilimweleza mwalimu. Aliangalia hesabu yangu, akatikisa kichwa kukubali.

"Volti zako ni sahihi, binti, japo ni za maabara, si za uani kwenu. Lakini umeme unapita kwenye kitambaa chembamba kama uzi, hautoshi. Tafuta vijungu vya udongo ambavyo havijapakwa rangi, maji yaweze kupenya. Mrututu ndani, chumvi nje."

Vijungu vilipatikana kwa wauza vyungu. Jumamosi alasiri nikaunganisha tena, mikono yangu ya buluu, Bibi amesimama nyuma yangu na redio kifuani kama mtoto mchanga. Mara sauti ya mwanamume ikatoka, ndogo, ya mbali, ikisoma bei ya pamba.

Bibi hakuwahi kulima pamba maishani mwake. Alivuta mkeka, akakaa, akaegemeza sikio.

"Nyamaza kwanza," aliniambia, ingawa sikuwa nimesema neno. "Niache nimsikilize."