Bisibisi Badala ya Mkuki

Nchi nzima hututania sisi Wahaya kwamba tumezaliwa tukijisifu. Ukisema tu kwamba kwenu ni Bukoba, mtu anakuita nshomile, yaani msomi, na kukuuliza ndege yako umeiegesha wapi. Huwa nacheka nao, lakini moyoni nakereka, kwa sababu mimi nilishindwa usaili mara mbili kwa kutojua kujisifu.

Mimi ni fundi wa majokofu. Wakati huo nilikuwa kibarua katika kisiwa kimoja cha Muleba, nikitengeneza friza za wachuuzi wa samaki na mashine moja ya barafu iliyokuwa ikiharibika kila ikisikia nimelala. Chumba changu kilipakana na baa. Hapakuwa mahali pa kulelea mtoto, kwa hiyo binti yangu nilimpeleka kwa mama yangu, kijijini Kanazi, kabla hajajua kutembea. Akakua huko. Bibi yake ndiye aliyemwita Mama. Mimi aliniita Mama wa Samaki, kwa kuwa kila nilipokuja nilibeba sangara.

Basi kampuni moja ya majokofu ya sola ilipotangaza nafasi ya fundi katika karakana yake ya Bukoba mjini, nilituma maombi siku hiyohiyo. Ningepanga vyumba viwili mjini, nimchukue mtoto wangu, aanze shule akiwa kwangu. Sikutaka kingine.

Nilipoitwa kwenye usaili niliomba ruhusa, nikaenda Kanazi kujiandaa. Fundi mwenzangu niliyesoma naye alinitumia maswali kwenye simu. Ya kompresa, ya gesi, ya usalama wa umeme niliyajibu huku namenya ndizi. Likabaki lile moja: kwa nini tukuchukue wewe na si mwingine? Mara zote mbili swali hilo ndilo lililonimaliza. Nilisema tulijitahidi, tulishirikiana, macho yakiwa sakafuni, kama nilivyofundishwa kuwajibu wakubwa nikiwa nimepiga magoti.

Mama akasema atanisaili yeye. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa jumuiya, kwa hiyo kukaa mbele ya watu anakujua. Akavaa miwani, akakaa kwenye kiti cha marehemu baba, mjukuu mapajani kama mjumbe wa kamati.

"Kwa nini tukuchukue wewe?"

"Kule kisiwani tulikuwa tuna..."

"Wewe na nani? Huko kisiwani fundi mwingine ni nani, bojo, mwanangu?"

"Niko peke yangu, Mama."

"Basi sema hivyo."

Sikuweza. Akanikumbusha harusi za kwetu, wanaume wanavyosimama na mkuki mkononi na kwebuga, kutangaza ushujaa wao mbele ya watu wote, sisi wanawake tumekaa mkekani tunawatazama.

"Hakuna anayesema wana majivuno," alisema. "Wewe mkuki huna. Shika bisibisi."

Nikashika bisibisi, nikasimama katikati ya sebule. Nilianza kwa sauti ndogo, kisha nikaipaza. "Mimi ndiye niliyeifufua mashine ya barafu, ziwa limechafuka na spea hazifiki! Mimi ndiye niliyeokoa samaki wa kisiwa kizima wasioze!" Mtoto akapiga makofi. Mama akacheka mpaka akavua miwani afute macho. Nilifurahi kama sijawahi kufurahi tangu nianze kazi ya ufundi.

Kisha akaivaa tena. "Swali la mwisho. Ukipata kazi, huyu utamchukua?"

"Ndiyo, Mama. Mwezi huohuo."

Akamshusha mtoto taratibu. "Umejibu vizuri," akasema. "Ila usiwe unajibu haraka hivyo."

Akaenda jikoni. Nilijua nimemuumiza. Katika kibanja kile chote, na migomba yake na mibuni yake, sauti ya mtoto yule ndiyo pekee iliyokuwa imembakia. Na bado kesho yake alinisaili tena, kwa ukali zaidi.

Siku yenyewe, mjini, swali lilipofika nilishika kalamu kama ndiyo bisibisi. Nikasema mimi, mimi, mimi. Niliwaeleza kisiwa, dhoruba, mashine, samaki. Wasaili wakatazamana. Mwenyekiti wao akauliza, "Uko tayari kufanya kazi popote tutakapokupangia?"

Kila aliyewahi kusailiwa anajua kwamba swali hilo lina jibu moja tu. "Niko tayari, mheshimiwa." Nilijibu kabla hajafunga mdomo.

Simu ilinikuta bado niko Kanazi, tunaanika kahawa uani. "Nimepata!" nilimpigia Mama kelele; tena ilikuwa ajira ya kudumu. "Ulivyotueleza habari za kisiwani," mwenyekiti yule aliniambia, "tuliona karakana ya mjini itakupoteza bure. Tunafungua kituo huko visiwani Muleba. Wewe ndiye utakayekiongoza."

Nikasema asante. Ndiyo, nilimwambia asante.

Mama alikuwa amesikia "nimepata" tu, akaingia ndani. Nilimkuta chumbani anakunja magauni ya mtoto na kuyapanga kwenye begi, macho mekundu.

"Kituo chenyewe ni kisiwani, Mama."

Akasimama na gauni mkononi. Uso wake ukachangamka. Akageukia dirishani haraka nisimwone, lakini nilikuwa nimeshamwona. Nilimkasirikia. Halafu nikashindwa hata kumkasirikia. Akaanza kuyatoa magauni begini, moja moja, bila kunitazama.

Mtoto akaingia mbio, akauliza begi lile ni la nani. Bibi yake akalitoa gauni la mwisho. Akatutazama, kisha akaona mwenyewe kuwa mwenye kusafiri ni mimi peke yangu. Akaichukua bisibisi yangu mezani, akaitia kwenye begi, akasema, "Mama wa Samaki, usiisahau."