Pacha na Kadi Mbili

Pacha hakuzaliwa pacha. Jina alilipata kwa kupenda vitu viwili viwili: simu mbili, saa mbili mkono mmoja, kofia mbili, moja kichwani, nyingine mfukoni ikisubiri zamu. Anahariri video za harusi katika chumba cha nyuma cha saluni ya dada yake, alichopewa kwa sharti moja: umeme ukizimika tena mteja akiwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, anahama.

Kompyuta ilipoanza kujikokota, fundi alimpa njia mbili: kadi moja ya michoro, ile inayoichorea kompyuta picha, kubwa, yenye nguvu, au mbili za wastani zikae bega kwa bega.

"Chukua moja," fundi akasema. "Programu yako inajua kutumia moja tu. Ya pili itakaa kama shemeji aliyekuja kusalimia akahamia."

"Na hiyo moja ikifa, kaka?"

"Mke unaye mmoja, mbona huulizi?"

Mtu mwenye akili timamu, tuseme kama huyu anayekusimulia, angesikia. Pacha akacheka, akachukua mbili. Feni zikanguruma, chumba kikapata joto la kunyooshea shati. Akajisifu kwamba hiyo ndiyo sauti ya kazi.

Jumamosi mama wa bwana harusi alikuwa saluni, kichwa ndani ya mashine, huku video ya harusi ya mwanawe ikiandaliwa chumba cha nyuma. Mzigo ukazidi, swichi kuu ikaruka, umeme ukazimika. Mama akaja mlangoni, nywele upande mmoja kavu, upande wa pili zinachuruzika.

"Harusi umeniwekea kiporo, mwanangu. Sasa na kichwa?"

Dada alinyoosha kiganja kudai ufunguo wa chumba.

"Dada, ngoja kwanza mama akaushwe."

Pacha akachomoa kadi moja. Swichi ikarudishwa, mashine ya nywele ikavuma, kompyuta ikavuma, taa zikatulia. Kazi ikaenda kwa mwendo uleule wa jana. Hilo ndilo lililomuuma: ya pili ilikuwa inakunywa umeme na kuota joto tu, haijawahi kuchora hata shela.

Dada akarudisha kiganja mfukoni mwa aproni.

Jumatatu Pacha alimrudishia fundi zote mbili, akabadilishiwa ile kubwa.

"Na ikifa?" fundi akamchokoza.

"Nitakuja kulia hapa kwako."

Aliomba boksi tupu la pili, likae na lile la kadi yake. Sasa maboksi mawili yamekaa juu ya rafu yakitazamana. Dada huyapangusa vumbi akifagia. "Hayo yakae," husema. "Hayali umeme."