Mama Alimfuata Baba

Mdogo wangu wa mwisho anafanya kazi kwenye makumbusho madogo hapa Dodoma mjini, chumba kimoja kirefu ambacho zamani kilikuwa ghala la mahindi. Walipoamua kuonyesha habari za watu waliohamia huku kutoka wilayani, alikuja nyumbani kwangu mtaa wa Kikuyu kuomba sanduku la baba. Lilikuwa juu ya kabati, limejaa vipande vya vitambaa, kwa sababu mimi hushona sare za shule. Nilimwaga vitambaa kitandani, nikalifuta vumbi, nikampa.

Baada ya wiki chache akanialika. "Vaa lile gauni la Idi, Dada," alisema, nami nikavaa.

Sanduku lilikuwa ndani ya kioo, limewekewa taa. Pembeni yake palikuwa na kadi ya chama cha wakulima wa zabibu yenye jina la baba. Chini yake kulikuwa na maandishi, nikayasoma taratibu. Niliacha shule darasa la sita, na kwa kawaida maandishi ya ukutani nayasoma mara mbili ndipo niyaamini.

*Sanduku la mhamiaji kutoka Kondoa. Alikuja Hombolo kutafuta maisha katika mashamba ya zabibu. Mkewe alimfuata, pamoja na mtoto mmoja.*

Huyo mtoto mmoja ni mimi.

Mwanamke aliyesimama karibu yangu alimgusa mumewe kwa kiwiko. "Unaona wanawake wa zamani? Mume akienda, wanafuata. Wewe ukihamishiwa Songea nitakufuata?"

"Utanifuata na friji lako hilo?" mumewe akamjibu, wakacheka, wakasogea kwenye kioo kingine.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele yangu, mikono nyuma, akinitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani akileta ripoti ya shule. Nikamwambia, "Pamependeza." Nikarudi nyumbani. Siku ile sikushona hata kola moja.

Ukweli ni kwamba mama ndiye aliyetangulia.

Kwetu ni milimani, upande wa Kondoa. Mvua ilikataa misimu miwili na ng'ombe wanne wa baba wakafa mmoja baada ya mwingine. Baba akakaa. Sina neno jingine. Alikaa chini ukutani mwa nyumba tangu asubuhi mpaka magharibi, hasemi na mtu, hata swala akawa anakumbushwa. Mama akasikia kwamba Hombolo wanatafuta watu wa kupogoa mizabibu. Akamwambia baba, baba hakujibu. Akanishika mkono, tukaondoka. Nilikuwa na miaka minane.

Tulifika hatujui mtu, wala mama hakujua Kiswahili kizuri. Alijifunza kupogoa kwa kutazama mikono ya wenzake: wapi pa kukata, macho mangapi ya kuacha kwenye tawi yachipue. Wakati wa mavuno tuliingia shambani pamoja, yeye akikata vichala na mimi nikivipanga kwenye kreti nisivipondeponde. Tulivuna misimu miwili. Ndipo akasema, "Sasa tunarudi kumfuata baba yako."

Bibi mzaa baba alitupokea mlangoni. "Mume hafuatwi kama ng'ombe aliyepotea," alisema.

Mama akamjibu kwa adabu, macho chini, "Ng'ombe wangekuwepo, mama, nisingeondoka."

Tulikaa siku tatu. Mama alimpikia baba, akamfulia, akamweleza habari za mizabibu kana kwamba baba alikuwa ameuliza. Siku ya nne baba alisimama, akaingia ndani, akatoka na sanduku. Mama akalichukua, akajitwika yeye. Mwanamume mwenye sanduku kichwani angechekwa njia nzima.

Tuliposhuka Hombolo, baba alianza kuburuta miguu. Mwishowe akasimama kabisa. "Watasema nini?" aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Mama alifikiri. Kisha akanigeukia mimi, si yeye. "Ukiulizwa na mtu yeyote, sema baba ndiye aliyetutuma tutangulie. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Yeyote."

"Nimesikia."

Hayo ndiyo aliyomwambia msimamizi wa shamba, na majirani, na karani wa chama. Kadi ikaandikwa jina la baba kwa kuwa ndiye mwenye kaya. Baba naye akafanya kazi, sitaki mtu afikirie vinginevyo. Alifanya kazi vizuri kwa miaka michache aliyobakiwa nayo, na wadogo zangu wote wawili wakazaliwa huko huko. Kisha kifua kikamshika, akafariki. Mama alifariki miezi minane baada yake, huyu wa mwisho akiwa bado hajaweza kutembea vizuri. Msibani wanawake walikuwa wakisema, "Kamfuata mwenziwe." Nililichukia neno hilo. Mama hakumfuata mtu. Aliugua, na mimi nilikuwepo, nilimnywesha uji mpaka alipokataa kijiko.

Mama mdogo akatupokea Kikuyu. Shule ikaishia pale. Sikulazimishwa na mtu, bali mtoto mgongoni hakubaliwi darasani.

Kwa hiyo mdogo wangu hakuwajua. Alipofika umri wa kuuliza, aliuliza kila siku, hasa nikimwogesha, kwa sababu hapo sikuweza kuondoka. Tulifikaje huku? Baba alikuwaje? Nami nilikuwa nimeahidi. Nikatafuta maneno ambayo hayatakuwa uongo wala hayatavunja ahadi, nikayapata, nikajiona mjanja: "Mama alimfuata baba." Mimi nilijua nina maana gani. Alikwenda kumchukua. Mtoto akasikia alichosikia.

Sentensi ya kwenye kioo, basi, ilikuwa yangu. Aliiandika karibu neno kwa neno.

Jumapili iliyofuata alikuja kula kama kawaida yake. Niliandaa ugali na mlenda. Alipomaliza tonge la pili nikasema, "Yale maandishi si sahihi. Mama ndiye aliyetangulia."

Akacheka. "Dada, ni maneno yako mwenyewe hayo."

"Ni yangu. Lakini hukuyaelewa."

"Kufuata ni kufuata."

"Maji tunayafuata bombani. Bomba limetutangulia kwenda wapi?"

"Aa, hiyo ni nyingine."

"Wewe nilikuwa nakufuata shuleni saa nane mchana. Nilikuwa nyuma yako?"

Alitaka kucheka tena, akaacha. Akaosha mkono kabla ya kumaliza chakula, na hilo si kawaida yake. "Hebu sema vizuri," akasema.

Nikasema yote. Ukuta, ng'ombe, sanduku kichwani mwa mama, baba kusimama njiani. Nilisema mpaka ahadi niliyoitoa nikiwa mtoto, ambayo nilikuwa sijamwambia hata mdogo wetu wa kati aliyeolewa Kibakwe. Mdogo wangu alisikiliza akitazama mkeka.

Kwanza alijibu kama mtu wa ofisi. "Pale hatuandiki habari bila kitu, Dada. Baba ana sanduku, ana kadi. Mama ana nini?"

"Alikuja na kanga mbili."

"Ziko wapi?"

"Moja alikubebea wewe, na mimi nikakubebea hiyo hiyo mpaka ikachanika. Nyingine nilikukatia nepi."

"Na wewe? Una chochote cha wakati ule?"

"Nina wewe," nikamwambia. Sikukusudia kumchoma. Lilikuwa jibu la swali lake.

Ndipo ikatoka sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa mdogo. "Kwa nini hukuniambia nikiwa mtoto? Ningezoea."

"Mama alisema yeyote."

"Mimi ni yeyote?"

Nikaanza kukusanya sahani.

"Wewe una baba wawili, Dada," akasema. "Yule wa ukutani na yule wa shambani. Umewaona wote kwa macho yako. Mimi nilikuwa na huyo tu, aliyebeba sanduku akatangulia. Chuoni niliwasimulia wenzangu. Niliomba ile kazi kwa sababu yake. Sasa unamchukua, unanipa mtu aliyekaa chini."

Nilijua amesema kweli. Nilijua pia kwamba kama nisingesema mimi, hakuna mwingine duniani wa kulisema. Bibi na mama mdogo wameshakufa, msimamizi sijui aliko. Mama alijitwika sanduku lile, na kwenye kioo kile alikuwa mtu wa kuja nyuma akivuta mtoto. Nilikuwa nimemlinda baba miaka thelathini kwa agizo la mama. Hakuna aliyeniagiza kumlinda mama, na nilijiuliza kama hilo ndilo lililofanya nichelewe.

"Badilisha," nikasema.

"Na nikikataa?"

"Nitakuja kila siku nisimame pale niwaambie watu kwa mdomo. Unanijua."

Ananijua. Akachukua funguo zake, akaaga kwa adabu, akaenda. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Nilikuwa napika chakula cha watu wawili kwa mazoea, kisha natafuta wa kumpa.

Hakunipigia kusema kama amebadilisha. Nilikwenda mwenyewe siku ya kazi, nimevaa kanga na vazi langu la kushonea, uzi bado umening'inia kwenye mkono wa blauzi. Maandishi yalikuwa mapya.

*Sanduku la familia ya wahamiaji kutoka Kondoa. Mke alitangulia Hombolo na binti yake wa miaka minane, wakafanya kazi katika mashamba ya zabibu. Baada ya misimu miwili alirudi kumchukua mumewe. Sanduku hili alilibeba yeye. Vitu vyake mwenyewe havikubaki, vilitumika kulelea watoto.*

Niliyasoma mara mbili, kisha mara ya tatu. Hakuwa amepunguza kitu. Nilitazamia kufurahi, nikasubiri furaha pale mbele ya kioo kama mtu anayesubiri mgeni aliyesema atakuja.

Wakaja wasichana wawili wa chuo, wenye madaftari. Mmoja akasoma kwa sauti. Alipofika "kumchukua mumewe" akamwangalia mwenzake.

"Kumbe baba kaja kuchukuliwa!"

"Kama mtoto wa chekechea," mwenzake akasema. "Mke anahenya shambani, bwana kajikalia nyumbani. Na sanduku kabebewa!"

"Huyo bwege kabisa."

Walicheka. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wakimtetea mama, na hilo ndilo nililokuwa nimelitaka. Lakini walipocheka nilimwona baba amesimama njiani Hombolo, vumbi mpaka magotini, akiuliza watasema nini. Ndicho hiki walichokuja kusema. Na niliyewapa cha kusema ni mimi.

"Shikamoo, mama," mmoja akasema alipoona namtazama.

"Marahaba. Huyo alikuwa baba yangu."

Walifunga midomo kwa viganja. "Tusamehe, mama, hatukujua!"

"Hamjakosa. Lakini hakuwa bwege, wanangu. Alikuwa anaogopa. Na alikuja."

Wakaitikia kwa vichwa, wakaondoka haraka kuliko walivyoingia. Nilipogeuka nilimwona mdogo wangu amesimama karibu na meza ya wageni, kitabu cha kuandika majina mkononi. Alikuwa amesikia yote, vicheko vyao na maneno yangu. Amekonda kidogo. Hakuniamkia, na mimi nilikuwa tayari kupokea hata lawama, mradi niisikie sauti yake.

Akasogea mpaka tukawa tumesimama bega kwa bega mbele ya kioo, tukitazama mbele kama wageni.

"Alikuwa anaogopa nini?" akauliza.

Nilitafuta. Nilirudi mpaka kwenye ule ukuta kule milimani, nikamtazama baba alivyokaa, magoti juu, macho yameelekea kwenye zizi tupu. Nilipita mbele yake mara nyingi siku zile, na kibuyu cha maji, na kuni, na kuku niliyekuwa nikimkimbiza. Nilikuwa mtoto wa kike wa miaka minane. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea maji na kuondoka.

"Sijui," nikamwambia. "Sikumuuliza."

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda kuwafungulia wageni wengine mlango.