Chainizi Zilizopigwa Tumbaku

Miaka ya tisini tuliishi Kasekese, na bustani ya mama ilikuwa bondeni, nyuma ya nyumba. Alilima chainizi. Kila kiangazi vidukari walijaa chini ya majani mpaka yakajikunja, na dawa ya dukani ilipatikana Mpanda mjini tu. Nikaamua kutengeneza ya kwangu. Niliokota majani ya tumbaku yaliyotupwa kwenye mabani ya kukaushia, nikayaloweka ndani ya debe usiku kucha, nikachuja kwa kitambaa, kisha nikayeyushia sabuni ya mche ili maji yashike kwenye jani. Bomba la kupulizia hatukuwa nalo. Nilichovya kifagio cha nyasi na kukung'uta, tuta kwa tuta.

Dawa ile ilikuwa kali. Kuku wetu mmoja alikunywa masalia ya kwenye debe, akafa kabla hajafika bandani. Tangu hapo mama aliweka sharti: mboga ikishapigwa, haichumwi mpaka wiki ipite.

Siku moja nilipiga dawa bustani nzima. Kesho yake jirani yetu akafiwa na mume. Kwetu, kukiwa na msiba, wanawake hupita na vikapu kwenye bustani za karibu kuchuma mboga ya waombolezaji. Hawaombi, hutoa taarifa tu. Na mama ndiye aliyeshika mwiko wa kupikia katika misiba ya upande wetu. Walipofika, walimkuta amesimama kwenye kinjia cha kuingilia.

“Hizi msichume, wifi. Zimepigwa tumbaku jana.”

“Tutaziosha,” alijibu mkubwa wao.

“Haitoki kwa kuosha.”

“Tumbaku hiyo hiyo anayovuta baba mkwe wangu? Mbona mzee anagoma kufa?”

Wenzake walicheka chini chini. Mama hakucheka.

“Kuku wangu alikunywa, akafa.”

“Kumbe nyie mnatufananisha na kuku.” Kicheko kikaisha. “Wifi, sema tu hutaki kutoa. Marehemu hakukukosea kitu.”

Nilianza kueleza habari za sumu. Hawakunisubiri nimalize.

Mama alitoa maharage yote tuliyokuwa nayo, pamoja na ya mbegu, akajitwika mwenyewe mpaka msibani. Yalipokelewa vizuri. Lakini mwiko alikuwa nao mwingine, naye akaambiwa apumzike mkekani na wageni. Hakuna aliyemsema. Misiba iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo: anakaribishwa, anaonyeshwa mkeka.

Niliigawa bustani. Upande mmoja ukipigwa dawa, mwingine unaachwa, na ule uliopigwa nausimikia kijiti chenye kitambaa. Mama alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaeleza. “Sawa, wifi,” walimjibu wote.

Palipotokea msiba mwingine, aliwahi bondeni na kusimama upande safi, kisu mkononi. Wanawake walipita juu na vikapu vyao, wakamsalimia, wakauliza hali ya mgongo wake, kisha wakaendelea hadi bustani za mbali. Alichuma mwenyewe kikapu kizima, akakiweka mlangoni, akawasubiri. Walirudi kwa njia nyingine.

Jioni tulizipika chainizi zile. Mama alitoa sahani yake nje, akakaa kizingitini, akala pale ambapo mtu yeyote wa njiani angemwona. Alikula taratibu mpaka ugali ukapoa. Njia ilikuwa tupu. Watu wote walikuwa msibani.