Sanduku la Vioo la Koko

Leo fundi amekuja kubadilisha kioo cha dirisha, na gundi yake imejaza chumba harufu kali kama ya siki. Nyumba yetu ya Kasongo ilinuka hivyo wakati baba alipotengeneza sanduku kubwa la vioo la samaki.

Lilikuwa la koko, mama yake baba. Tangu ujana alivua vijitoni kwa vikapu, yeye na wanawake wenzake. Kisha upande mmoja wa mwili ukapooza, akawa anakaa sebuleni akiangalia ukuta, hasemi na mtu. Baba alimletea samaki wadogo katika beseni. Aliwapenda, lakini beseni lilikuwa dogo mno, wakafa.

Meza isingebeba sanduku lile, kwa hiyo tulijenga jukwaa la matofali. Gundi ilipokauka, tulimimina maji ya kisima ndoo baada ya ndoo, huku baba akipapasa pembe kwa kidole. Hazikuvuja. Alipoinua samaki wapya awatie, koko alinyoosha mkono wake mzima.

"Ngoja! Hii maji iko mupya, itawaua. Ulete kwanza muchanga na majani ya mutoni. Maji ilale."

Baba aliwarudisha samaki chini.

"Ilale mpaka lini, Mama?"

"Nitakuambia miye."

Tulileta mchanga na majani, na asubuhi moja koko alimwambia baba kwamba maji yako tayari. Samaki waliingia, wakajificha majanini, wakaanza kutoka. Koko alimtaja kila aliyetoka kwa jina lake la Kizimba, lugha ya kwao. Mama yangu akaita kwamba bugali iko tayari.

"Bugali ingoje," alijibu koko. "Moja ingali mu majani."