Wali Mweupe wa Tarsis

Tarsis alikuwa Mchaga wa Kibosho mwenye duka la jumla Mtaa wa Sikukuu, na kila mchana alikula barazani, kiti kimeelekezwa barabarani. Alitaka tuuone wali wake. Mchele wa mashine hakuuamini. Aliweka wanawake wautwange tena kinuni mpaka uwe mweupe pe, kisha mkewe Josepha auoshe hadi maji yatoke kama ya kunywa. Pumba nilizinunua mimi, jirani yake Mgeni, nikawalisha bata wangu. Walinona wakawa wakorofi.

Maharage, ndizi na dona alivipiga marufuku mezani pake. Alisema hakushuka mlimani kuja mjini kula vya mlimani. Asubuhi vitumbua na chai yenye sukari tele, mchana wali, usiku wali. Tumbo lilijaa, hilo siwezi kumnyima.

Mwaka haukuisha, miguu ikamgomea. Kwanza ganzi nyayoni, halafu vifundo vikavimba, halafu akawa hainuki kitini mpaka Josepha amshike kwapani. Josepha mwenyewe alikuwa anahamisha magunia. Mume, anayekula kuliko mtaa mzima, hakuwa na nguvu ya kufukuza nzi.

Watu wakasema amerogwa na Indravadan, Mhindi wa duka la mkabala. Nilikasirika sana. Mtu asiyeua hata mende, dukani hatoki tangu alfajiri, angeroga saa ngapi? Tena ndiye aliyetupakia kwenye gari lake kwenda hospitali, mimi nikiwa nimemshika mgonjwa upande mmoja na Josepha upande wa pili.

Wakati huo kaka mkubwa wa Tarsis, Marcelino, alikwishafika kutoka Kibosho na uamuzi wa wazee: duka liuzwe, mgonjwa arudishwe nyumbani. Tarsis alilia mbele ya wateja. Alikuwa ameondoka kwao kwa ugomvi na baba yake, akaapa kwamba siku ya kurudi ataupanda mlima kwa miguu yake mwenyewe. Sasa angepandishwa kwa machela.

Hospitalini daktari alimgonga magoti kwa kinyundo, akauliza anakula nini, akaambiwa. Akasema huo ni ugonjwa wa beriberi.

"Mwili umejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho," akaeleza, "na kila chumba kina jiko lake. Wali ni mkaa. Majiko yako yamejaa mkaa, lakini kiberiti chake kimo kwenye lile ganda mnalolitwanga. Pumba mnapeleka wapi?"

Wote wakanitazama mimi.

Tarsis alichomwa sindano, akaamriwa dona, maharage na mchele usiorudiwa kinuni. Marcelino alikubali kungoja, shingo upande. Na Tarsis alikubali kula, ila jikoni, mtaa usimwone. Kaka yake alimshika mpaka huko, akamkuta mkewe kakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, sahani ya dona na maharage mapajani. Mchele ukitwangwa mara mbili hupungua. Ulikuwa unamtosha mtu mmoja.

Josepha ndiye aliyenisimulia. Mumewe alimuuliza tangu lini anakula hivyo.

"Tangu ulipoanza kula vizuri, Baba Celina."

Walikula jikoni humo siku nyingi, yeye juu ya gunia, mke juu ya mbuzi, mpaka vifundo vikanywea na ganzi ikaanza kuachia.

Mchana mmoja nikamwona Tarsis anatoka jikoni na sufuria ya dona, bega linakwaruza ukuta. Akaiweka barazani, mahali pa wali wake. Akarudi ndani, tukasikia vitu vinaanguka, akatoka amebeba kiti cha pili. Hakutaka mtu amsaidie. Alikiweka sambamba na chake, kikitazama barabara, akamwita mkewe.

Marcelino aliitazama safari ile yote. Kisha akaingia ndani kufunga mzigo wake tu, arudi Kibosho bila mdogo wake.

Josepha alijifuta mikono kwenye kanga, akakaa. Wateja walikuwa wanatazama, Indravadan alikuwa anatazama, na mimi nilitazama mpaka machozi yakanitoka. Tarsis alimega tonge la kwanza, akampa mkewe.